Msimamizi wa Kibaraza

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu umezoea chaki ya kuchorea kitambaa kuliko kalamu. Herufi zangu zimelala upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo, na kuna maneno niliyoyakata na kuyaandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Atakayechapa kurasa hizi anivumilie, na msomaji akikuta kosa alipite. Mtu ninayetaka kumweleza hapa hakuwahi kumcheka yeyote kwa sababu ya herufi zake, ndiyo maana nimepata moyo wa kuanza.

Tulikuwa majirani wa kazi huko Free Area, mtaa wa Nakuru, orofa ya kwanza, juu ya duka la hadiwea, la misumari na mabomba. Upande wangu kulikuwa na cherehani, pasi ya makaa na rundo la sare za shule za kutia viraka. Upande wake kulikuwa na kompyuta, kiti chenye mto wa maua na thamosi ya chai. Katikati yetu palikuwa na ukuta wa plaiwudi tu. Akikohoa, mimi nilijua. Nikiangusha mkasi, yeye aliuliza, "Fundi, uko salama?"

Mbele yake sote tulimwita Madam. Lakini kazini jina lake lilikuwa Msimamizi, na ndilo nitakalotumia, kwa sababu lile lingine sijaruhusiwa kulitaja.

Alisimamia Kibaraza. Hicho hakikuwa kibaraza cha saruji. Kilikuwa mahali kwenye intaneti ambapo watu wa Nakuru na pande za karibu, waliobaki nyumbani na waliokwenda ng'ambo, walikutana kuandikiana. Walizungumza kuhusu bei ya mahindi, nani ameoa, timu gani imefungwa, mvua imefika Subukia au bado. Aliyekianzisha aliishi nje ya nchi, akamwajiri yeye akae mlangoni, kama nilivyozoea kusema. Kila ujumbe ulipita machoni pake. Alipokea wageni, akaamua magomvi, akafuta matusi, na waliokataa kuacha matusi akawafungia nje.

Watu wengi hawakuamini kwamba hiyo ni kazi. Mwenye jengo, mzee wa Kisikh mwenye lile duka la hadiwea, alipanda siku moja kuangalia bomba linalovuja, akasimama mlangoni pake.

"Sasa Madam, huyo mtu wa majuu anakulipa kufanya nini hasa?"

"Kusoma matusi, mzee."

"Kusoma matusi! Hiyo hata bibi yangu angefanya, na asidai kitu."

"Mimi nasoma ndio wengine wasisome."

Mzee akakuna ndevu. "Kumbe wewe ni kama chujio la chai."

"Afadhali wewe umeelewa. Mamangu ameambia kanisa zima mimi ni taipisti."

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Kila ujumbe aliusoma kwa sauti. Hakunong'ona. Aliusoma kama mtu anayesimama mbele ya mwenzake na kumwambia ana kwa ana. Alisema macho husamehe mambo ambayo masikio hayawezi kusamehe, na ujumbe ambao mdomo unasita kuusoma una kitu ndani yake. Kwa hiyo mimi, nikiwa nimepiga magoti napima suruali ya mzee wa kanisa, nilisikia kupitia plaiwudi sauti ya mwanamke mtulivu ikisema, "Wewe ni punda, na baba yako alikuwa punda, na hiyo timu yenu ni ya mapunda." Mzee wa kanisa alinitazama.

"Fundi, huko ndani kuna nini?"

"Ni kazi," nikamwambia, na nikainama zaidi.

Kibaraza kilikuwa na desturi mbili, na zote mbili zilitoka kwake. Ya kwanza ilikuwa hodi. Mgeni hakuruhusiwa kuandika popote kabla hajaingia chumba kimoja kilichoitwa Hodi, akasalimia na kusema anatoka wapi. Halafu alingoja mpaka mwenyeji mmoja amwambie karibu. Kama hakuna aliyemjibu, Msimamizi alimjibu mwenyewe, hata kama chai yake inapoa. Hakuwahi kumwacha mtu amesimama nje jua likazama.

Desturi ya pili ilikuwa swali. Mtu akianza kuchafua hewa, Msimamizi hakumfuta papo hapo. Alimwandikia faraghani, neno moja tu: "Umekula?" Wengi walidhani ni mzaha. Lakini yeye alishikilia kwamba nusu ya magomvi ya Kibaraza yalitokea kabla ya chakula cha mchana, na nusu nyingine yaliletwa na watu walio mbali na kwao ambao hakuna mtu wa kuwauliza swali hilo. Nilimsikia akicheka peke yake akisoma majibu. "Anasema amekula mkate mkavu! Ndiyo sababu ana maneno makavu." Mtu akishajibu, alimwambia sasa kuhusu ujumbe wake, kwa nini hauwezi kukaa, na ndipo alipoufuta. Kuuliza kwanza, kueleza, kisha kufuta. Huo ndio mpango wake, na aliufuata kama mimi ninavyopima kabla ya kukata.

Hapa ni lazima niseme pia ubaya wake, la sivyo nitakuwa nachora sanamu. Mwanamke huyu aliyewalazimisha watu wa dunia nzima kusalimiana, yeye mwenyewe hakusalimia mtu kwenye ngazi. Alipita ameinamisha kichwa kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Majirani walimwona mwenye kiburi. Aligombana na mama wa maziwa kuhusu maji ndani ya maziwa, akagombana na makanga wa matatu, akagombana na mwenye jengo kuhusu lile bomba mpaka mzee akaanza kutumia ngazi ya nyuma. Siku moja mama wa maziwa alichoka.

"Wewe, hata 'sasa' hujui kusema? Hukulelewa?"

"Mathe, salamu zangu zimeisha huko ndani," akajibu, na hakuwa anatania.

Mimi nilimwelewa. Mimi pia huwa siwezi kuongea na watu. Mteja akinitazama usoni nasahau namba niliyopima. Labda ndiyo maana alinivumilia, kwa sababu hakuna kati yetu aliyemdai mwenzake maneno.

Yeye ndiye aliyenishawishi niingie Kibaraza. Alinikalisha kwenye kiti chake chenye mto, akatoka nje kabisa ili asinitazame. Nilitumia mchana mzima kuandika hodi yangu. Nilisema natoka Free Area, kwamba mimi ni fundi wa nguo, na kwamba niko salama. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma ng'ambo akanijibu kwamba hata mtoto wa chekechea anaandika vizuri kuliko mimi. Nilitaka kuinuka nisirudi tena. Msimamizi aliingia, akaisoma hodi yangu kwa sauti, pole pole, bila kurekebisha herufi hata moja, na masikioni ilikuwa hodi nzuri tu. Kisha akamwandikia yule kijana: "Umekula?" Baada ya muda yule kijana aliandika mbele ya wote: "Karibu fundi. Pole. Nina njaa na huku kuna baridi."

Kati ya wenyeji wa Kibaraza, aliyemsumbua zaidi ni dereva mmoja wa lori aliyejiita Mzee wa Teremko, kwa sababu ya lile teremko kali la barabara ya Mai Mahiu. Aliandika kutoka saiba moja, duka la kukodisha intaneti, iliyokuwa hapo chini ambapo malori hulala. Mdomo wake ulikuwa mchafu kwa mambo ya mpira, na Msimamizi alimfungia nje tena na tena. Kila aliporudishwa alianza na hodi upya kama mgeni. "Hodi! Natoka jela ya Msimamizi. Nimekula ugali na matumbo, kwa hiyo asiniulize." Nilisikia kiti cha Msimamizi kikilia kwa kicheko. Hawakuwahi kuonana, na hakuwa na namba yake ya simu, kwa sababu yeye mwenyewe alikataza namba za simu Kibaraza. Matapeli walikuwa wamewahi kuzitumia kuwalaghai watu.

Kisha uchaguzi ukafika mwisho wa mwaka 2007, na baada yake mambo yakaharibika. Sitaeleza nani alimfanyia nani nini. Kila anayesoma hapa ana yake. Nitasema tu kwamba moshi tuliuona kutoka dirishani, na kwamba Kibaraza kiligeuka. Watu walioulizana bei ya mahindi sasa waliandika mambo ambayo sauti yake ilikwama katikati ya kuyasoma. Mengine hakuyamaliza. Nilimsikia akianza sentensi, kisha kimya, kisha mdundo wa kidole chake kwenye kibodi.

Mwenye Kibaraza alimpigia simu kutoka huko aliko. Nilisikia upande mmoja tu wa mazungumzo.

"Nikifunga, wale wanaotafuta watu wao watauliza wapi?... Najua wengine wamefunga... Hapana, boss, nipe mimi niangalie. Nitaangalia kila kitu."

Kibaraza kikaachwa wazi. Na kweli watu walitafutana hapo. Mzee wa Teremko alikuwa amekwama Mai Mahiu, barabara imefungwa. Mke wake na watoto walikuwa pembeni mwa mji wa Nakuru, na simu ya mke haikupatikana. Kila alipoweza kuingia saiba aliandika maneno yale yale: "Kuna mtu ameona watu wangu?" Hakukuwa na matusi tena, wala mpira. Msimamizi aliyasoma kwa sauti kila mara, na kila mara mimi niliacha cherehani.

Lakini kulikuwa na jambo lingine lililomtia hofu. Mtu mmoja alikuwa ameandika Kibaraza mahali ambapo familia fulani imejificha, akijifanya anaomba msaada, na Msimamizi alikuja kujua kwamba si wote waliosoma walikuwa marafiki. Tangu siku hiyo aligeuza mpango wake. Sasa alifuta kwanza, kisha akaandika. Aliniambia mwenyewe akinitazama machoni, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo. "Fundi, siku hizi neno likikaa dakika tano limeshaua."

Alasiri moja nilimsikia akisoma ujumbe mpya. Naukumbuka wote, kwa sababu aliusoma kwa furaha iliyopungua kila neno lilivyoendelea. "Mzee wa Teremko, mama na watoto wako salama. Wako kwa stoo ya kanisa, nyuma ya kinu cha unga, lango la kijani. Wamekula."

Uliandikwa na jirani wa yule dereva. Hata katika hali ile alikumbuka kumalizia kwa desturi ya Kibaraza.

Kisha akasema, si kwangu, "Lango la kijani. Mungu wangu, ameandika lango la kijani." Akaufuta. Akaanza kumwandikia dereva faraghani, nikisikia vidole vyake vikikimbia, na papo hapo stima ikapotea. Kompyuta ikazimika. Tukasikia viatu kwenye ngazi, na mwenye jengo akaingia akihema, kilemba kimelegea.

"Teremkeni! Wote! Nafunga sasa hivi, pikapu iko nyuma."

"Mzee, washa jenereta. Dakika moja tu."

"Jenereta haina mafuta! Madam, wanakuja na barabara hii, wewe unataka kuandika barua?"

"Dakika moja!"

Mzee alimshika mkono akamvuta. Alishuka ngazi akiangalia nyuma, na lile duka halikufunguliwa tena mpaka mji ulipotulia kidogo. Nyumbani kwake hakukuwa na intaneti, na saiba zote zilikuwa zimefungwa. Alijaribu kufika kule kwenye kinu cha unga kwa miguu, askari wakamrudisha.

Mzee wa Teremko hakungoja. Alikuwa ameuliza siku nyingi bila kujibiwa, akaona kwamba kimya maana yake ni kifo. Akapanda kuja Nakuru kutafuta watu wake. Njiani alisimamishwa, akateremshwa, na mguu wake wa kulia ukavunjwa vibaya. Watu wake wakati huo walikuwa stooni, wazima, nyuma ya lango la kijani.

Tulipata habari hizi tuliporudi kazini. Yule jirani aliandika: "Mlifuta ujumbe wangu. Sasa jueni." Msimamizi aliusoma kwa sauti, na huo hakuufuta. Uliachwa pale juu kabisa watu wote wauone.

Baada ya hapo alikuja kazini kama kawaida, akakaa kwenye kiti chake, lakini sauti yake sikuisikia tena kupitia ukutani. Aliacha kusoma kwa sauti. Jambo baya zaidi, aliacha kujibu hodi. Wageni walisalimia, wakasema wanatoka wapi, wakakaa nje. Wenyeji nao wakaacha kuja. Mwenye Kibaraza alipiga simu akamwambia kwamba mambo yakiendelea hivi atakifunga, na safari hii hakumbishia.

Siku moja nilimletea nguo yake niliyoipunguza kiuno, kwa kuwa alikuwa amekonda, nikamwambia nilichokuwa nacho moyoni. Shangazi yangu anaishi Subukia, na alinieleza kuhusu familia iliyohamia kwa wazazi wa mke, baba akiwa dereva zamani, sasa anatembea kwa gongo. "Anaitwa jina lingine huko," nikasema, "lakini alikuwa akilala Mai Mahiu na lori."

Aliipokea ile nguo. "Nikienda nitasema nini, Fundi? Mimi naweza kuandika tu."

"Sema hodi," nikamwambia. Nadhani ni sentensi fupi kuliko zote nilizowahi kumwambia, lakini ilinitoa jasho.

Tulikwenda Jumamosi mchana. Mvua ilikuwa imenyesha, na mibuni ilikuwa ikidondosha maji kando ya njia. Yule mtu alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba akipukuchua mahindi kwa mikono, mguu mmoja umenyooshwa. Mke wake alikuwa akianika nguo. Msimamizi alisimama nje ya lango la mbao.

"Hodi."

Mke alitaka kujibu. Yule mtu aliinua mkono kumzuia, akatutazama.

"Wewe ni nani?"

"Ni Msimamizi."

Mikono yake iliacha mahindi, kisha ikaanza tena. Tulisimama. Hakusema karibu. Sisi wa Kibaraza tulijua maana yake.

"Uliufuta wewe?" akauliza hatimaye.

"Niliufuta mimi."

"Ulikuwa umeusoma?"

"Wote. Kwa sauti."

"Na hukuweza kuniandikia kwanza?"

"Ningeweza. Siku zote nilikuwa naandika kwanza. Siku ile nilifuta kwanza, stima ikapotea."

"Stima." Alicheka, lakini uso wake haukucheka. "Mimi nina mguu wa stima."

Hapo mke aliongea, nguo yenye maji ikiwa bado mikononi. "Baba Wangari, siku ile kuna watu walipita pale kwa lango la kijani wakiuliza. Wangekuwa wamesoma, tungekuwa wapi?"

Nilimtazama Msimamizi. Nilidhani atashika maneno hayo kama mtu anayezama anavyoshika kamba. Alitikisa kichwa.

"Mama, usinisaidie. Hatujui. Labda wangesoma, labda hawangesoma. Ninachojua ni kwamba huyu alikuwa anauliza, na mimi nilikuwa na jibu, akakaa bila."

 Kuku alikuja akaokota punje karibu na ule mguu. Msimamizi hakuinamisha kichwa kama kwenye ngazi zetu. Alisimama pale akimtazama, nje ya lango, kama mgeni yeyote.

Yule mtu alimaliza gunzi alilokuwa nalo, akalitupa kwenye rundo, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Umekula?" akasema.

Msimamizi alinigeukia. Mwanamke huyu aliyewauliza watu wasiohesabika swali hilo hakujua linavyojibiwa. Ikabidi nijibu mimi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

"Hatujala."

"Basi ingieni. Mtasimama nje mpaka lini?"

Tulikula mukimo wa viazi na mahindi, pamoja na maharagwe. Hakusema amesamehe, na hakuulizwa. Alizungumza kuhusu mpira, na Msimamizi akamwambia timu yake ni takataka, na yeye akamwambia amfungie nje kama anaweza.

Jumatatu, nikiwa natia uzi kwenye sindano, nilisikia kupitia plaiwudi sauti yake ikisoma hodi ya mgeni kutoka mbali, kisha nyingine, kisha nyingine, zile zote zilizokuwa zimekaa nje, na kila moja akiijibu. Mzee wa Teremko hajarudi Kibaraza mpaka leo. Jina lake liko bado, na Msimamizi hajaruhusu mtu mwingine alichukue. Mama wa maziwa bado anagombana naye.

Hapa mkono umechoka. Kama wewe unayesoma uliwahi kukaa Kibaraza, au kama ulitafuta mtu siku zile na ukajibiwa, au hukujibiwa, niandikie kupitia jarida hili. Usiogope mwandiko. Sema hodi, useme unatoka wapi, na kama umekula. Nitachelewa, kwa sababu naandika polepole, lakini nitajibu.